Moduli ya Mzani

Saa saba usiku, Cheyo. Feni imekata tamaa.
Nyamizi anaandika moduli ya mzani wa tumbaku:
ipakiwe, ipime, ipakuliwe,
kiini cha mfumo kisijue kama palilala mgeni.

Kuingia, alikopa vitatu:
kipande cha kumbukumbu,
namba ya kifaa,
na sikio la kusikia mzani ukibisha.

Akaipakua. Akaipakia tena.
Kiini kikajibu: namba hii ina mwenyewe.
Mwenyewe nani? Ni yeye, wa dakika mbili nyuma,
aliyeondoka bila kuaga.

Akakumbuka Sikonge, kaka yake juu ya mninga akirina:
kamba, moshi, kifuniko.
Kushuka: kifuniko, moshi, kamba.
Ukianza na kamba, utashuka kwa mbavu.

Basi akaandika kutoka kinyumenyume:
sikio kwanza. Namba. Kumbukumbu mwisho.
Na la tatu likigoma katikati ya kupanda,
rudisha mawili tu;
usirudishe ambacho hukupewa.

Treni ya Mpanda ikapiga honi.
Akapakia, akapakua, mara mia,
haikupotea hata baiti.

Ya mia na moja akaiacha.
Mzani mtupu ukasoma sifuri.