Duara Lenye Herufi P

Mimi ni mkalimani wa mahakama, Hamilton, Ontario.
Nina suti moja nyeusi ya sufu,
na kazi yangu ni kutamka maneno ya wengine
bila kutia chumvi.

Chumvi hujitia yenyewe. Januari
manispaa huimwaga barabarani kuyeyusha barafu,
na pindo za suruali yangu zikageuka ramani nyeupe.
Basi miaka tisa nilimpelekea Bwana Noh, dobi wa Barton Street,
kati ya kinyozi na duka la matairi,
nikarudishiwa suti imenyooka kama kiapo,
nailoni mwilini, waya shingoni,
ikinuka ile harufu tamu, kali,
ambayo mimi niliiita usafi.

Ndani ya kola kuna lebo,
kwenye lebo duara, ndani ya duara herufi P.
Lugha nne mdomoni mwangu,
na sikuwahi kuuliza duara lile linasemaje.

Mwezi wa pili nilikuta karatasi kiooni:
TUNABADILISHA MASHINE.
Wanaume wenye buti walikuwa wakitoboa lami ya maegesho,
wakivuta maji ya chini kwa mrija mwembamba,
wakiyatia kwenye vichupa, kila kichupa na jina lake,
kama wauguzi wanaomtoa damu mgonjwa asiyelalamika.

"P ni jina la dawa," Bwana Noh aliniambia.
"Inazama. Sakafu ya saruji tuliyoiamini
kwake ilikuwa kitambaa."
Kisha akakunja shati lililokuwa limeshakunjwa.

Mkewe, Eun-ja, miaka ishirini na miwili
ndiye aliyefungua mlango wa mashine ile,
na uso wake ndio uliotangulia.
Kichwa kilimuuma hadi akakizoea,
kama unavyomzoea jirani mgomvi.
Sasa kuna daktari anayefuatilia ini lake.
"Hatujui kama ni dawa," alisema Bwana Noh.
"Hatujui kama si dawa."
Nimetafsiri sentensi kama hiyo mara nyingi.
Haijawahi kuwa nyepesi.

Mashine mpya inafua kwa maji. Maji, na sabuni laini,
na pipa linalozunguka kama mtu anayebembeleza mtoto
huku akifikiria mambo mengine.
Baada ya hapo ni mkono: kuvuta mshono, kutia mvuke, kungoja.
Siku tatu. Dola nne zaidi.

Sitajifanya mwema.
Kule kwenye maduka makubwa taa nyekundu huandika SAA MOJA,
na mimi nilikuwa na kesi Alhamisi
na kodi ya nyumba tarehe mosi.
Nikasimama kituoni, suti mkononi,
nikizihesabu dola nne upya, kana kwamba zingepungua.
Basi likaja. Mlango ukafunguka.
Nikainusa kola.

Dereva aliniuliza kama napanda.

Alhamisi nilitafsiri nikiwa na sweta la kijivu,
kiwiko kimetoboka, mkono nimeubana ubavuni.
Hakimu aliona. Akaendelea na kesi.

Ijumaa nilikwenda na waya zangu zote za kabatini
na mfuko nilioushona kwa shuka kuukuu,
ili nailoni isipate kazi.
Eun-ja ndiye aliyekuwa kaunta. Akazihesabu waya kwa Kikorea,
nami nikahesabu kwa Kiswahili, chini chini,
mpaka tukakutana thelathini na saba
akacheka, akanipa risiti.

Doa la wino kwenye mkono wa kushoto limebaki.
"Hilo limekataa," alisema, bila kuomba radhi,
nami sikumtaka aombe.
Nikaiinua suti hadi puani, pale pale, mbele ya wateja.
Haikunuka dawa. Haikunuka maua.
Ilinuka sufu, kwa mbali,
kondoo aliyenyeshewa.