Imedhani Imefika

Nyuzi nne, waliniambia, isizidi nane.
Sanduku nimelifunga mkanda kama mtoto,
kiti cha mbele, barafu chini yake,
na ndani bomba moja la sindano:
maji mazito kidogo kuliko maji.

Ni ya Bi Ghaniya wa Ibra, ya shingoni,
pale walipokata uvimbe mwezi wa Shaabani.
Dawa ya mwanzo ilipita mshipani, ikamshukia
kama wadi iliyofurika, isiyouliza mlango ni wa nani:
ilibeba mwizi, ikabeba na mitende.
Nywele zikabaki kwenye mto.
"Ugonjwa uko hapa," alinionyesha kwa kidole,
"mbona mnanipiga kila mahali?"

Sikuwa na jibu. Leo ninalo sandukuni.
Baridini ni maji; ikikuta joto la mtu
inaganda, inakaa kitako pale pale,
na uponyaji unatoka humo kwa zamu,
kama falaji ya kwao, kila shamba na saa yake.

Baada ya Bidbid kipoza hewa kikakohoa, kikanyamaza.
Nje, nyuzi arubaini na saba.
Nikasimama kituo cha petroli, nikalipindua bomba:
dawa haikutikisika.
Imeganda. Imedhani imefika.

Nisiilaumu. Ilifundishwa neno moja tu, joto,
na nchi hii, mwezi wa saba, ina homa kumshinda mgonjwa.
Kila jiwe la jabali lingeweza kuwa shingo.

Shofiq wa dukani akaniuzia mifuko miwili ya barafu.
"Samaki?"
"Hapana. Shingo ya mtu."
Akaongeza mfuko wa tatu, hakutaka pesa.

Mfamasia kwenye simu: mara moja inasameheka,
mara ya pili itupe.
Nikalizika bomba, nikahesabu malori, kumi na tisa.
Nilipolitoa, maji. Yale yale, bila kinyongo.
Wanadamu wangapi wakishaganda hurudi?

Hospitali ya Ibra, daktari akasukuma taratibu.
"Baridi," akasema Bi Ghaniya. Kisha: "Imekwenda wapi?"
"Haijaenda popote. Ndiyo kazi yake."

Akafikiri kidogo. Akatoa chupa kwenye kikapu,
akanimiminia kikombe, iliki ikatangulia.
"Mimi bado sina ulimi," akasema.
"Nionjee wewe. Niambie kama nimeiharibu."