Glasi ya Pili, Sussex

Mvua ya Juni hapa haina haraka,
inanyunyiza tu, kama mtu anayepiga pasi.
Bwana Pettifer, buti nyeupe kwa chokaa,
ananimiminia mvinyo wa shambani kwake
na kuomba radhi kabla sijaonja:
mwaka ule, anasema, jua lilitukimbia.

Mkali kidogo.
Tufaha lililochumwa na mtoto asiye na subira,
kisha, huko nyuma ya ulimi, chumvi.
Ni udongo, anasema. Zamani hapa palikuwa bahari.

Sikumwambia upesi kuwa nami ni wa mizabibu,
kuwa kwetu Hombolo tulivuna mara mbili kwa mwaka,
na shangazi Nyemo alipogoa kwa kisu cha jikoni
akiyasema matawi kama wakwe wavivu.

Nilipomwambia, akaweka chupa chini.
Mara mbili?
Akatazama mistari yake iliyolowa,
akacheka hadi akakohoa.

Glasi ya pili hakuitia kwenye bili.
Basi la saa kumi na moja likapita, tukaliangalia tu.
Huyo shangazi, akauliza,
huacha macho mangapi kwenye tawi?
Manne, nikasema, nikibahatisha,
naye akayaandika kiganjani.