Sababu ya Kuchelewa

Mheshimiwa Jaji,
fomu imenipa mistari minne ya sababu.
Uniwie radhi, nitapitiliza hadi pambizoni.

Ilikuwa Novemba, kwenye mzunguko wa barabara, Merthyr,
mvua ile isiyoanguka bali inaning'inia tu.
Gari la mikate lilinigonga nyuma, wala si kwa nguvu,
kwa adabu karibu, kama mtu apigaye hodi.
Dereva akashuka, Gethin Pugh, kijana,
midomo imemkauka kwa hofu.
Ni mimi niliyemwambia, "Usijali, niko mzima."
Sentensi hiyo sasa imo jaladani mwao, ukurasa wa sita,
imepigiwa mstari.

Niliisema kwa kuiamini. Nikarudi jikoni shuleni,
nikainua masufuria ya viazi vya watoto mia mbili.
Mwaka wa kwanza shingo ilikuwa ngumu tu,
kama mlango uliovimba kwa unyevu.
Mwaka wa pili Idris akaanza kusahau jina la mbwa,
kisha la mtaa,
kisha langu,
na anayemnyanyua mumewe kitandani kila alfajiri
haulizi maumivu yametoka wapi.
Mwaka wa tatu ukaisha, sikuuona ukitoka.
Wiki tano baadaye vidole viwili vya kushoto vikafa ganzi,
nikamwaga mchuzi wa moto miguuni pangu.
Ndipo vipimo. Ndipo picha.
Ndipo daktari akaweka ncha ya kalamu juu ya pingili moja
akaniuliza, "Uliwahi kugongwa?"

Miaka mitatu na siku arobaini na moja.

Husemwa jinai haiozi.
Dai la shingo, kumbe, lina tarehe ya mwisho
kama maziwa.

Wakili wao hakunitukana. Alisema kweli:
kampuni ya mikate imefungwa,
gari limepondwa likauzwa chuma chakavu,
Gethin hakumbuki kama breki zililia.
Ana mtoto sasa. Naye ana haki
ya kuisahau ile asubuhi, alale.
Nimemfikiria sana usiku, sifichi.

Lakini nimesomewa kwamba sheria ina kilango pembeni,
na ufunguo umo mfukoni mwako:
ukiona ni haki, dai lililochelewa laweza kupita.
Leo siombi fedha.
Naomba uamue tu kama nilichelewa kwa dharau.
Chelewa chelewa, utakuta mwana si wako.
Mimi nimekuta mkono si wangu.

Mistari minne iliisha zamani, naandika nyuma ya fomu,
na wino unapenya upande wa pili.
Idris ananiita kutoka chumbani
kwa jina la mama yake. Naenda.

Sahihi: Eluned Prosser.
Tarehe nimeiandika mara mbili,
kwa tarakimu na kwa maneno,
na bahasha nitaileta mwenyewe, kwa miguu,
kabla hamjafungua.