Upana wa Kitanda

Saa kumi na moja na nusu, Mwenge, kwenye kituo cha mafuta,
taa zetu nyekundu zinakonyezana.
Tuko kumi na wanne. Akwilina anatuhesabu kwa kugusa helmeti,
kisha anarudia, maana Jumamosi iliyopita
tulimwacha Tumsifu hapa hapa akifunga kamba za kiatu.

"Wawili wawili barabara ikilala,
mmoja mmoja ikiamka.
Taa nyekundu ni nyekundu hata kwa baiskeli.
Na gari likikupita likuachie upana wa kitanda, futi tano.
Lisipokuachia, kitanda utakipata wodini kwangu."
Ni muuguzi wa mifupa. Hatucheki sana.
"Mkia leo nani?"

Mimi.

Kazi ya mkia ni kusikia.
Mbele wao wana macho: Shimo!
na neno linakuja mgongo kwa mgongo,
kama mafundi wanaopokezana tofali,
hadi kwangu, nami sina wa kumpa,
naliweka chini.
Injini nazijua kwa sauti.
Bodaboda inalalama. Noah inazomea.
Roli la saruji la Wazo halisikiki kwanza,
linahisiwa kwenye meno.

Niseme jambo ambalo kikundi hakilijui.
Jumatatu hadi Ijumaa mimi ni dereva.
Nasambaza mikate, pikapu nyeupe,
mlango wa kushoto hadi uubamize mara mbili.
Jumanne, Boko, nilimkuta mtu wa mkaa,
magunia matatu, baiskeli imemezwa,
unaona miguu tu ikikanyaga.
Maduka sita yalikuwa yananingoja.
Nikapiga honi, ndefu, ya mtu mwenye haki,
nikapita, kioo cha pembeni kikalamba gunia.
Kwenye kioo hicho hicho nikamwona ameshuka,
ameegemea mzigo wake kama mtu aliyeegemea ukuta.
Hakunitukana.
Ningependa angenitukana.

Tumeshapita Tegeta. Lami imemegeka pembeni,
hakuna pa kukimbilia ila mchanga.
Meno yangu yananiambia.
"Gari nyuma!"
Safu mbili zinakuwa moja, kama zipu.
Nainua kiganja: subiri kidogo, kaka, mbele kuna basi.
Na lile roli, tani zote zile,
linasubiri.
Nalisikia linavyohema juu ya shingo yangu,
breki zikikohoa,
na mimi najua, jamani, najua
miguu yake inavyowasha kwenye pedali,
tajiri wake anavyopiga simu.
Basi limepita. Nampungia: njoo.
Anakwenda kulia kabisa, anaacha kitanda,
anaacha na nafasi ya chandarua.
Mkono unatoka dirishani, unagonga mlango mara mbili.
Kumi na wanne tunainua vidole gumba
kwa mtu ambaye hatukuuona uso wake.

Kule Boko, upande wa pili, mkaa unateremka kuelekea mjini.
"Pole na kazi!" wanapaza wenzangu.
"Ahaa, nyie mnacheza!" anajibu, bila kinyongo,
kila neno likitoka na pumzi yake.
Sijui kama ni yeye.
Magunia yote ni meusi.
Niliinamisha kichwa, nikajifanya naangalia mnyororo.

Jumatatu nilifika Bunju nimechelewa.
Mangi wa duka la kona alikuwa amesimama mlangoni,
mikono kiunoni, wateja wamekunywa chai kavu.
"Foleni?"
"Hapana. Kulikuwa na baiskeli mbele yangu,
na magari yanakuja."
"Baiskeli?"
"Baiskeli."
Akaniangalia, akaangalia pikapu,
akaanza kuhesabu mikate.