Wati Ishirini

Mwaka niliozaliwa, sabini na saba,
waliondoka wawili wasirudi:
chombo kile, na baba.

Baba alikuwa mpiga simu za upepo,
ofisi ya reli, gatini Kisumu.
Meli zilikuwa za nchi tatu. Jumuiya ilipovunjika
kila nchi ikashika iliyoikuta bandarini kwake,
kama watoto wa mitala wakigawana masufuria.
Siku hiyo baba yuko Port Bell.
Mama akasema: atavuka wiki ijayo.
Nilikuwa tumboni. Nadhani nilisikia.

Miezi michache baadaye chombo kikarushwa.
Hakuna aliyetuambia, huku Kibuye.
Nimelijua hilo ukubwani, kwa redio ya mteja:
nimegusisha waya wa spika na chuma cha kulehemu,
mtangazaji akaanzia katikati ya sentensi,
akasema kimeipita Mshtarii,
kimeipita Zohali na pete zake,
sasa kiko pale upepo wa jua ulipoishiwa nguvu,
na bado kinaongea.
Kwa umeme gani? nikaiuliza redio.
Wati ishirini na kitu.
Balbu ya choo changu ni wati arobaini.

Wanaokitunza siwajui majina. Nawajua mikono.
Mwaka ule kilipoanza kubwabwaja,
namba juu ya namba zisizo na kichwa wala mguu,
waligundua chipu moja imekufa.
Mimi redio ikinishinda naifungua, nanusa,
palipoungua pananiita penyewe.
Wao walikuwa na cha kunusa?
Walituma neno moja, wakalala, wakaamka, wakashinda,
wakalala tena,
ndipo jibu.
Wakaihamisha kumbukumbu yake vipande vipande,
kama mpangaji anayesogeza vitanda
mvua ikivuja upande mmoja wa chumba.
Rispa, ninayemfundisha kazi, akauliza:
si wangenunua kipya?
Nikamwambia niletee bisibisi.

Sasa wanakizimia viungo, kimoja kimoja,
umeme usiishe kabla ya maneno.
Leo hita. Mwakani labda sikio.
Mama naye, tokeni zikikaribia sifuri,
alizima friji, akazima runinga,
akazima taa ya sebuleni tukala gizani,
akabakisha ile ya mlangoni.
Sikuwahi kumwuliza ni ya nani.

Ubavuni kimebeba santuri ya dhahabu.
Lugha hamsini na tano zinamsalimu yeyote atakayekiokota,
zikiwemo za watu waliokufa zamani
ambao hata wajukuu wao ni udongo.
Niliitafuta orodha, nikaipitia kwa kidole.
Kijaluo hakimo.
Kiswahili, hiki tunachogombania bei nacho
tangu asubuhi hadi soko lifungwe, hakimo.
Kiganda kimo.
Ng'ambo hapo tu ya ziwa!
Nilicheka mpaka mteja akageuka.

Kisha nikaacha kucheka,
maana barua ya mwisho ya baba, themanini na tatu,
ilianza kwa Kiganda,
mistari miwili mizima,
kabla hajakumbuka anamwandikia nani.
Mama hakuikunja vibaya. Aliiweka na zingine.

Usiku huu naijaribu redio ya mwalimu mmoja wa Mamboleo.
Nazungusha kitufe taratibu:
mvumo, mvumo, mahubiri, mvumo,
halafu sauti ya mwanamume, safi, karibu,
inavuka maji na magugu yake yote.
Haya ni maamkizi, au bei ya mahindi?
Sijui. Kiganda sikujifunza, kwa makusudi.
Nimeshafika mwisho wa kazi, skrubu zote ziko mahali pake,
lakini naiacha iseme.

Rispa anafunga kibanda.
Dada Dorka, anasema, taa ya nje umeisahau.
Ni ya wati tano tu, namjibu.
Iache.