Telonyo

Kabla ya kushika kitabu cha stakabadhi
hapa kizuizini Mtambaswala,
nilikuwa kijana wa seminari, kanzu nyeupe, funza kidoleni,
na Padri Odilo akitufundisha Kilatini
kwa fimbo ya mkorosho.
*Teloneum*, alisema: meza ya mtoza ushuru.
Wala si neno lao. Walilikopa kwa Wayunani
na mpaka leo hawajalirudisha.
Nikacheka peke yangu. Nikala mbili za mgongo.

Miaka ishirini na miwili.
Kilatini chote kimenivuja njiani
kama maji ya mabibo kwenye tenga,
limebaki hilo moja,
na aliyeketi mezani ni mimi.

Hata ushuru, lenyewe, si letu.
Lilifika kutoka Uarabuni, fungu moja katika kumi,
midomo imebana.
Tukalisimamisha: hapa hupiti bila irabu.
Likalipa u moja katikati, u nyingine mwishoni,
kamba ikashushwa.

Jumanne moja ya manyunyu
akapanda kutoka darajani Akwinata Nampwapwa,
ndoo ya ming'oko kichwani,
kinu mgongoni, kimefungwa kanga kama mtoto.
"Alfandega ndiyo hapa?"
Forodha ni kule umekotoka, mama, jengo la bati la buluu.
Hapa ni halmashauri. Hapa mazao.
"Kumbe milango miwili, mfuko ule ule wangu."

Na kinu?
"Cha marehemu dada. Nampelekea bintiye, Nanyumbu."

Kitabu changu kina safu ya korosho,
ya ufuta, ya mbaazi, ya choroko.
Kalamu ikabaki hewani.
Nyuma yake lori la ufuta likapiga honi,
utingo akatukana, akanyamaza alipoona kanga.

"Mbona umeduwaa, baba?"
Nikamwambia lile neno. Sijui kwa nini.
Hata mke wangu sijawahi kumwambia.
Akalionja polepole,
kama anayeonja chumvi kwenye chungu cha mwenzake:
"Telonyo."
Akainama, akapita chini ya kamba,
kinu kikigonga kiuno, akilirudia, *telonyo, telonyo*,
kuelekea barabara ya Mangaka.

Jioni msimamizi akahesabu vishina, akahesabu tena.
Na yule mama wa kinu, alilipa nini?

Nikamwonyesha ile *um*
aliyoiacha mezani.
Akapangusa vumbi kwa kiganja,
akaniambia nifunge.